Mkanda wa Mgongoni

Habari hii nilipewa na Larysa Wasylenko mwenyewe, Jumamosi moja ya Novemba iliyopita, tukiwa chumba cha chini cha kanisa tunakunja pyrohy, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kwa harusi ya watu. Viazi vilikuwa bado vinachemka. Akaanza kusema bila kuulizwa, nami sikumkatiza. Mtu akianza kutua mzigo, usimuulize una uzito gani.

Ilikuwa mwaka ule timu ya hoki ya barafuni ya Korongo ilipohamia huku kwetu Saskatoon, Kanada. Zamani walikuwa wa Chattanooga, kule Marekani kusini kwenye joto. Mwenye timu alichoka kutazama viti vitupu, akaipakia timu yake kwenye malori, magongo na vikorokoro vyake vyote, akaileta kwetu. Na sisi tulikuwa tumelilia timu ya kulipwa miaka nenda rudi. Siku ya mechi ya kwanza watu walisimama kwenye theluji tangu asubuhi, na ndani ya uwanja, penye duka la jezi, hapakuwa na pa kutia kisigino.

Katikati ya msukumano huo ameketi Larysa na cherehani yake, anawashonea watu majina mgongoni. Miaka thelathini na mmoja, sweta ya kijani iliyotariziwa mikononi, nywele kazibana kwa penseli. Mara jitu moja likapenya foleni. Suti ya kijivu, tai nyekundu, pua iliyovunjika ikaunga ikavunjika tena. Mkononi limeshika jezi.

"We mrefu! Foleni huioni?" Larysa alifoka, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Naiona, fundi. Ila nikiifuata, mechi itaanza bila mimi."

"Kila mtu humu anasema hivyo."

"Hawa wanakwenda kutazama. Mimi nakwenda kupigwa."

Foleni nzima ikacheka, kisha ikamtambua, ikapiga kelele: Rennie! Rennie Gaudet! Alikuwa mpiganaji wa timu. Kila timu ina wake. Kazi yake si kufunga magoli. Ni kumtandika yeyote anayewaonea wenzake. Mtunza vifaa wao alikataa kuhama, akabaki Chattanooga na mke wake, na sasa mkanda wa jezi ya Rennie ulikuwa umechanika na hapana wa kuushona.

Larysa hakuhitaji kuelezwa. Mkanda huo hushonwa ndani ya jezi, mgongoni, ukafungwa kwenye suruali. Mpiganaji asipokuwa nao ni kuku wa kuchinjwa: adui humvuta jezi ikamfunika kichwa, mikono ikanasa, akapigwa haoni. Akaushona kwa uzi wa nailoni, mishono mitatu juu ya mitatu.

"Nani kakufundisha?" Rennie aliuliza.

"Nina kaka aliyecheza."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Mbali," alisema, akakata uzi kwa meno.

Kaka hakuwa mbali. Taras alikuwa nyumbani kwa Larysa, chumba cha chini ya ardhi, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Alipigana miaka tisa barafuni mpaka kichwa kikachakaa. Siku alizokuwa na akili timamu alimwapisha dada yake: wachezaji wasinione hivi, kamwe.

Jioni ile Larysa alitazama kupitia upenyo wa duka. Dakika ya sita mtu wa timu ngeni alimgonga kipa wa Korongo. Rennie akamwendea polepole, kama mtu anayeomba kiberiti.

"Tupigane?"

"Haya. Usiumie."

Glavu zikadondoka. Ngumi ya kwanza ilimtoa Rennie helmeti, ya pili ikamng'oa jino. Larysa aliliona linateleza juu ya barafu kama punje ya mahindi. Rennie alipigwa mbili za sikio, akarudisha tano za mdomo, mpaka yule mwingine magoti yakamwisha. Watu elfu kumi wakasimama wakinguruma. Saskatoon ikampenda Rennie palepale, na Larysa, Mungu amsamehe, akampenda pamoja nao.

Timu ikamwajiri awe fundi wao. Yeye na Rennie wakawa wapenzi, ikawa ni simu asubuhi na jioni.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Ndani ya basi, karibu na mji wa Medicine Hat. Theluji imetuzingira, kipa anakoroma."

"Na mkono?"

"Upi?"

"Kwani unayo mingapi?"

"Miwili. Mmoja umevimba, mwingine unakuulizia."

"Uambie huo wa pili uvae glavu, baridi kali," Larysa alijibu, akicheka peke yake katikati ya jikoni.

Mpaka Krismasi Rennie alikuwa amepigana mara kumi na tisa. Vifundo vya vidole vyake havikuwahi kupona. Alishika kikombe kwa viganja, kama mtoto. Januari Larysa aliona mengine. Taa ikiwashwa anafinya macho. Anakasirikia mlango. Siku moja akapiga simu akiwa nje, kwenye gari, barabara ileile aliyokwisha kuipita mara thelathini.

"Fundi, hivi nyumba yako ni ipi?"

Larysa alitoka na kandambili kwenye theluji akamshika mkono. Ndani alimweka kwenye kiti.

"Daktari wa timu amekupima?"

"Kanipima. Nimefaulu."

"Umefaulu vipi na nyumba huijui?"

Rennie akatabasamu lile tabasamu lenye pengo. "Kila Septemba wanatupima akili, kabla ya msimu. Kumbuka maneno haya, panga picha hizi. Sasa sisi wazee wa kazi tunajibu ovyo makusudi. Ukigongwa Februari ukapimwa tena, wanalinganisha na ile ya Septemba. Wanaona: aa, huyu ni mjinga wake wa siku zote, mwacheni acheze."

Alicheka. Larysa hakucheka. Taras alikuwa akiusimulia ujanja huohuo kwenye sherehe, watu wakishika mbavu.

"Acha kupigana, Rennie."

"Nikiacha watampiga kipa. Watawapiga vijana wetu. Halafu timu itaniacha, na mimi shule nilitoka nikiwa na miaka kumi na sita. Nina kazi moja tu duniani, mpenzi, na ndiyo hii."

"Utakwisha."

"Si leo."

Ndipo ikaja mechi ya mwisho wa Machi, dhidi ya timu ya mji jirani wa Regina, mahasimu wetu wa barabara moja. Korongo wakishinda wanaingia mtoano msimu wao wa kwanza. Regina walikuwa na Kolby Strand, mtu wa kilo mia na kumi, mikono kama nguzo za ua. Alitangaza redioni kwamba atampiga Rennie mara tatu, moja kila kipindi, mpaka Saskatoon iirudishe timu ilikotoka. Rennie aliposikia akasema, "Vizuri, ana adabu ya kuniarifu."

Larysa hakulala siku mbili. Mara tatu na Strand, na kichwa kile! Akakumbuka kanuni: mchezaji akipigana na jezi ikamvuka mwilini, hutolewa mechi nzima. Akawaza: basi na imvuke. Ivuke mapema, kwenye pigano la kwanza, marefa wamtoe, aokoke mengine mawili. Hatari ya jezi kumfunika kichwa aliijua, akajipa moyo kwamba itavuka moja kwa moja. Akachukua jezi namba ishirini na saba, akafumua nailoni yote, akaushona mkanda ule kwa uzi wa pamba, uzi wa mashati ya watoto. Kwa macho ulikuwa mkanda kamili.

Dakika ya nne Strand akaja.

"Sasa, mzee?"

"Sasa."

Walishikana mashati. Strand akatupa ya kulia ikamkosa, ya pili ikampasua juu ya jicho, damu ikamwagika juu ya barafu. Rennie akamchoma ya kushoto chini ya taya, meno yakagongana mpaka watu wa viti vya mbele wakasikia. Kisha Strand akashika jezi akavuta. Mkanda ukaachia kama karatasi.

Lakini jezi haikuvuka. Ilipanda ikanasa kwenye vikinga vya mabega, ikamfunika Rennie kichwa, na mikono ikabaki juu kama ya mtu aliyekamatwa. Wapiganaji waungwana wana mwiko wao: aliyefunikwa hapigwi. Lakini Strand alikuwa amekwisha pandwa na mori. Akapiga kwenye kile kitambaa, moja, mbili, tatu, kila ngumi ikitoa doa jekundu jipya mahali uso ulipo. Marefa wawili walimrukia na hawakumweza. Ya sita ilimwangusha Rennie chali, kisogo kikagonga barafu. Mguu wake mmoja ulikuwa ukipiga, ukipiga, kiatu kikichonga barafu, na Larysa alikuwa anapiga kelele bila kusikia sauti yake.

Rennie alipelekwa hospitali hajitambui. Siku ya pili aliamka, uso umevimba kama boga. Wenzake walimletea jezi, akautazama mkanda. Saa ileile simu ya Larysa ikalia.

"Uzi wa pamba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Regina walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu. Nilitaka utolewe uwanjani."

"Nitolewe kwa machela?"

"Rennie, nisikilize—"

"Ulinifunga macho ukamwita mchinjaji." Akakata.

Larysa alikwenda mwenyewe kwa wakuu wa timu akasema alilofanya. Wakamfukuza. Mji haukuhitaji gazeti ili ujue. Mama mmoja alimtemea mate kwenye foleni ya kahawa, na mlangoni pake mtu akaacha kichwa cha samaki. Hakulalamika. Aliona ni haki yake.

Korongo walikuwa wameshinda mechi ile kwa hasira tu, mtoano wakaingia. Siku ya kumi na moja Larysa akasikia redioni: Gaudet amepimwa, amefaulu, Jumamosi atacheza. Wapinzani ni Regina tena, na Strand yule yule. Akakaa chini sakafuni.

Jumamosi mchana alikuwa nyuma ya nyumba akianika mashuka, yakigandia mkononi, aliposikia mlango wa mbele ukigongwa, na Taras, ambaye hajafungua mlango miezi sita, akiufungua. Larysa aliingia jikoni akasimama.

"Nimekuja kurudisha ufunguo wa Larysa," sauti ya Rennie ilisema.

"Una mkono wa mpiganaji," Taras akasema. "Unachezea nani?"

"Korongo."

"Unapiga wa kulia?"

"Wa kulia."

"Mimi wa kushoto. Nilimvunja mtu taya kule mji wa Moose Jaw. Unachezea nani?"

Rennie akacheka kidogo. "Korongo, kaka."

"Wa kulia, eh? Sikia, nikupe siri. Ile karatasi ya Septemba. Nilijibu ovyo makusudi!" Taras akacheka mpaka akakohoa. "Februari wakasema niko sawa. Nikacheza. Niko sawa. Unachezea nani?"

Larysa alipotoka jikoni alimkuta Rennie ameshika fremu ya mlango, suti ya kijivu, jicho moja bado jeusi, amemkodolea Taras kama mtu anayejiona kwenye kioo cha kesho.

"Ni nani huyu?"

"Kaka yangu. Kila ulipokuja alijifungia chini; niliapa nisimwonyeshe mchezaji yeyote."

"Kwa hiyo uliniua mimi ili nisiwe yeye?"

"Nilikosea. Sina utetezi. Nilitaka kukutoa moto nikakusukumia ndani. Nichukie, Rennie, ni halali yako. Lakini leo usiingie kule."

"Leo daktari kasema niko sawa," alisema. Akamtazama Taras tena, ambaye alikuwa akimtazama kwa furaha, akisubiri kuuliza.

Rennie akakaa kwenye ngazi. Akatoa simu. Vidole vilikosea namba mara mbili, Larysa akambonyezea.

"Kocha? Mimi. Sichezi. Hapana, siogopi... Naam, naogopa. Sikiliza, karatasi ya Septemba niliidanganya. Ya juzi nimefaulu kwa uongo ule. Nasahau barabara. Nasahau majina. Juzi nilisahau kama mama yangu amekufa." Akasikiliza jibu. "Najua. Asante kwa msimu."

Akaweka simu chini, akalia kwa sauti, kifua kikubwa kile kikiruka. Larysa akakaa ngazi ya chini yake.

"Sina kazi, fundi."

"Mimi pia."

"Uso sina."

"Huo hukuwa nao hata mwanzo."

Akacheka, akashika mbavu. "Bado nina hasira nawe."

"Kaa nayo. Ikiisha utaniambia."

"Kubali nikuoe, nikae nayo humu ndani."

"Nitakubali siku utakaponiuliza umesimama bila kushika ukuta."

Rennie akainuka. Akaachia ukuta, akayumba, akashika tena. "Sasa?"

"Bado."

Akaachia, miguu mipana kama yuko barafuni, jasho likimtoka. "Larysa. Sasa?"

"Nimekubali. Kaa, usiniangukie."

"Unachezea nani?" Taras akauliza.

"Sichezei mtu, shemeji," Rennie akasema. "Nimestaafu."

Taras akatikisa kichwa kama aliyeridhika, akashuka chumbani kwake akalala.

Ilikuwa saa saba mchana. Siku ya mechi, saa saba, kila mchezaji wa hoki hulala, na mwili wa Rennie ulikuwa na mazoea hayo kwa miaka kumi na mitano. Hakuna aliyeuambia kwamba mambo yamebadilika. Macho yakamwelemea. Larysa akamvua viatu, akamlaza kwenye kochi, akavuta pazia. Huko nje magari yalipita yakipiga honi, bendera dirishani, watu wakiimba jina la Rennie, wakielekea uwanjani kumngoja.

Larysa alikaa sakafuni, kiganja juu ya kifua cha Rennie. Kilipanda, kikashuka. Kila kilipochelewa kupanda naye alizuia pumzi, kilipopanda akaiachia. Hivyo hivyo, muda mrefu, mpaka pumzi zao zikaanza kwenda pamoja bila yeye kuzilazimisha. Kichwa kikainama pembeni ya kochi, na Larysa, ambaye hakuwa amefumba macho sawasawa siku kumi na moja, akalala.