Kipande Kilichokosekana Magharibi mwa Tasmania

Tamsin Oakford alikuwa na utaratibu wake kila alipotoka shule. Kwanza kuku, maana kuku wa Shangazi Noelene wakicheleweshewa chakula hupiga kelele mpaka kwa jirani. Kisha kuni, kikapu kizima kando ya jiko. Halafu mkate na siagi, na hapo ndipo alipofungua kompyuta kwenye meza ya jikoni na kusahau kabisa kwamba duniani kuna watu wengine.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amepewa kazi ambayo hakuna mtu mzima pale kijijini aliyeitaka. Shangazi Noelene, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa kapteni wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Kiangazi kilichopita kikosi kiliitwa kusaidia kuzima moto upande wa magharibi wa jimbo lao la Tasmania, huko Australia, na kishikwambi cha ndani ya gari kilikuwa na ramani ya bonde lao tu. Walizunguka milimani kama mbuzi waliokata kamba. Basi Tamsin, aliyejifunza mambo ya ramani katika klabu ya shule, akaombwa awatengenezee ramani ya miinuko ya Tasmania nzima, visiwa vyake vikiwemo.

Data zenyewe jimbo huzitoa bure mtandaoni. Ndege hupita juu ikiimulika ardhi kwa leza, na kila mahali hupata tarakimu yake: ni mita ngapi juu ya bahari. Ila haziji zikiwa ramani moja. Huja vipande vipande, vingine vya upimaji mpya na vingine vya zamani. Tamsin alivipakua, akavipanga, akaviunganisha, akaiondoa bahari, kisha akavipunguza uzito ili viingie kwenye kishikwambi. Ni kazi ya kuumiza macho, naye aliifanya bila kunung'unika, jambo ambalo kwa kuni hakulifanya hata siku moja.

Jumatano, alipodhani amemaliza, akaona doa jeusi. Kipande kimoja cha magharibi kilikuwa kitupu. Siku ya kupimwa, mawingu yaliifunika ardhi yote, na pasipokuwa na kipimo kompyuta iliandika tarakimu ya ajabu, chini kuliko bahari yoyote. Programu nayo ikachora shimo.

"Bosi, bado tu?" aliuliza binamu yake Lachlan, mtoto wa Shangazi, akiingia na viatu vyake vya matope. Ramani hiyo aliisubiri kwa hamu. Jumamosi kikosi kingekwenda kufanya mazoezi huko huko magharibi, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye angeendesha gari la mbele.

"Namaliza leo."

"Jana ulisema hivyo hivyo. Konokono angekuwa ameshaizunguka Tasmania kwa miguu."

"Konokono hana miguu."

"Hana, na bado anakushinda!"

Tamsin alichukia kuchekwa. Programu ilikuwa na kitufe cha kuziba mapengo. Akakibonyeza. Kompyuta ikaangalia miinuko ya kandokando, ikakisia ya katikati, na lile shimo likageuka mteremko laini wa kupendeza. Nani angejua? Akaihifadhi ramani, akaenda kutazama televisheni, ingawa hakuona alichokuwa anakitazama.

Kesho yake jioni, Shangazi alikiweka kishikwambi mezani katikati ya sahani za kondoo na viazi vya kuokwa. Furaha ilimjaa usoni.

"Tamsin, mwanangu, hebu njoo nikubusu. Hii kazi ya kitaalamu kabisa! Kikosi kizima wameiona, wanataka jina lako liandikwe kwenye gari."

"Liandikwe kwa herufi ndogo," alisema Lachlan, mdomo umejaa viazi. "Asije akavimba kichwa."

Shangazi akaburuta kidole kwenye kioo. "Sasa sikiliza, Lachlan. Barabara kuu imezibwa na maporomoko ya udongo. Utaiacha hapa, ukate nyasini moja kwa moja mpaka mtoni. Ona palivyo laini. Mimi mwenyewe na magoti yangu haya ningeshuka. Na ukungu ukiwepo, fuata kishikwambi tu."

Kidole chake kilikuwa kimesimama palepale Tamsin alipoliziba lile shimo. Tamsin alimwangalia Lachlan, ambaye humtania kutwa nzima lakini ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akamwona ndani ya lile gari zito, kwenye ukungu, akiamini mteremko ambao haukuwahi kupimwa na mtu.

"Shangazi, usimpitishe hapo," alisema, na machozi yakamtoka kabla hajamaliza. "Hapo sipajui. Palikuwa na shimo, nikaliziba kwa kukisia. Nilitaka ionekane imekamilika."

Lachlan aliacha kutafuna. Shangazi Noelene alizisukuma sahani pembeni.

"Futa machozi, ulete kompyuta," alisema. "Kulia utalia baadaye. Je, kuna upimaji mwingine wa eneo hilo?"

Ulikuwepo, wa zamani, wenye vipimo vilivyoachana sana, na Tamsin hakujisumbua kuutafuta kwa sababu ya haraka. Safari hii aliutafuta. Waliusubiri ushuke kwa mtandao wao wa kijijini unaokwenda kwa kusuasua, kisha akaupandisha juu ya ramani. Ule mteremko ukatoweka. Mahali pake pakafunguka korongo refu, kingo zake zimesimama wima.

"Ningefika haraka sana," alisema Lachlan polepole. "Chini."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Tamsin alilichora eneo lote hilo kwa mistari myekundu na kuandika juu yake: *Upimaji wa zamani. Kagueni kwa macho.* Ramani haikupendeza tena, ila Shangazi aliitazama akatikisa kichwa kukubali, kisha akapanga njia nyingine ndefu zaidi, kwa upande wa juu.

Jumamosi Tamsin alikwenda nao. Njiani Lachlan alisimamisha gari, na Shangazi akamshika mkono Tamsin, wakatembea mpaka ukingoni mwa korongo. Ukungu ulikuwa mzito. Nyasi zilikwenda mbele yao tambarare, kisha zikaisha ghafla, na chini sana walisikia maji wasiyoweza kuyaona. Tamsin aliubana mkono wa shangazi yake kwa nguvu zote.

"Nilikukasirikia, sikufichi," alisema Shangazi Noelene. "Lakini ungeliacha lile shimo jeusi kama lilivyokuwa, ningekuuliza, tukatafuta vipimo vyake pamoja. Usiogope kuniambia kuna kitu hujui, mwanangu. Mtu akijua kwamba kuna usichokijua, atajihadhari. Ukimficha, atakuamini. Na mtoto wangu alikuwa tayari kukuamini."

Tamsin aligeuka. Lachlan alikuwa ameegemea mlango wa gari, mzima, akipiga honi kupitia dirishani na kuwafokea kwamba hata konokono wa huku hawachelewi namna hiyo.