Kabureta za Nyar Japan

Boneti ilikuwa wazi. Pale zilipopaswa kukaa kabureta mbili, palikuwa na mashimo mawili tu, nayo yalikuwa yamezibwa vitambaa.

Inspekta Kalekye Kimanzi aliinama akatazama. Alikuwa ameitwa kutoka nyumbani Jumapili mchana, uji wa mwanawe ukiwa bado kwenye kijiko, na njia nzima alijiambia kesi ya vipuri haitamchukua muda. Vipuri vya magari huibwa Nairobi kila siku, na vingi havionekani tena.

Lakini gari lenyewe lilimfanya apunguze haraka. Lilikuwa Datsun 240Z, boneti ndefu, mgongo umeteremka taratibu hadi nyuma, aina ile ambayo watu wazima huikumbuka ikipita kwenye vumbi la Safari Rally. Lilikaa ndani ya kibanda cha mabati kilichoegemea vyumba vya kupanga vya Kianda, pembeni mwa Kibera, kamba ya nguo upande huu na meza ya chapati upande ule. Rangi yake ya chungwa ilimeremeta hata Konstebo Nzuki akajiona kwenye mlango wake na kurekebisha kola.

"Afande, karibu," mwenye gari alisema, akimnyooshea Nzuki mkono. "Mimi ni Ouma."

"Afande ni huyu," Nzuki akasema, akionyesha kando.

Mzee Ouma aligeuka, akacheka, akaomba radhi. Kalekye hakujali. Wazee wengi walimsalimia konstebo wake kwanza.

"Nani aligundua, mzee?"

"Mimi. Tulirudi kanisani, nikafungua kibanda, nikafungua boneti, nikaingiza mkono kulisalimia gari. Nikakuta nguo."

"Kufuli?"

"Nzima. Ufunguo hukaa chini ya jiko. Nilirudi nikaukuta palepale."

"Nani anajua hukaa hapo?"

"Mimi, Mama Aketch, na Mulwa."

Mama Aketch, mkewe, ambaye jina lake ni Awiti, alikuwa amesimama mlangoni na kilemba chake cha kanisani. Alifua na kupiga pasi nguo za watu wa maghorofa ya Olympic, na hata taulo za vyombo nyumbani kwake zilikuwa zimekunjwa nne na kupigwa pasi kali. Alileta chai. Kikombe cha mumewe alikiweka ukingoni mwa benchi, akasukuma kidogo kikagusa kidole chake, kisha akampa Kalekye cha kwake.

Ouma alisimulia gari lilivyofika hapo. Ujana wake wote alikuwa makanika wa timu ya rally ya Mhindi mmoja, na timu ilipovunjika, gari lilisahaulika nyuma ya ua huko Karen, kuku wakataga ndani. Alipostaafu alipewa achukue bure, maana hakuna aliyeona gari pale, waliona kutu. Alilileta Kianda kwa mkokoteni wa ng'ombe, watu wakimcheka kuanzia Olympic. Akalikwangua, akalishona mabati mapya, akalisikiliza. Akaliita Nyar Japan, binti wa Ujapani.

"Jumamosi hii ndiyo linaondoka," alisema. "Nilipomuoa mama huyu nilimwambia, siku moja nitakurudisha kwenu Bondo kwa gari la mbio. Kesho nilikuwa niwashe injini mara ya kwanza."

"Linabeba watu wangapi?" Nzuki akauliza.

"Wawili. Dereva kulia, wa kushoto anasoma njia. Kijana, watu hushangilia dereva, lakini bila yule wa kushoto anaishia mtaroni."

Kalekye aliigeukia tena injini. Nati zote nane zilizoshika kabureta zilikuwa zimerudishwa kwenye skrubu zake, zimezungushwa vizuri, hakuna hata moja iliyolala chini. Alichomoa kitambaa kimoja. Kilikuwa cheupe, kisafi, kimekunjwa nne. Akakitia kwenye bahasha ya ushahidi.

Mzee alipotakiwa kutia sahihi taarifa yake, alisema miwani ameisahau kanisani. Mkewe akamwekea kidole mahali pa kusaini. Miwani, Kalekye aliona, ilikuwa mfukoni mwa shati lake.

Nje, Gathoni wa chapati hakuwa na shaka.

"Hakuna mtu aliingia hapo, madam. Ningemwona. Mimi hata paka akipita najua ni wa nani."

"Asubuhi nzima?"

"Ni wenyewe tu. Buda Ouma alitoka na Biblia, Mama Aketch akabaki kidogo, si unajua mambo ya kilemba. Halafu kukawa kimya."

Mkuu wa kituo hakutaka maneno mengi kwenye simu. Huyo Mulwa, fundi wa bodi wa Kawangware, aliwahi kushikwa na vipuri vya watu zamani. Anajua ufunguo. Aletwe. Kalekye alipomwambia Ouma, mzee alitikisa kichwa kwa hasira.

"Mulwa hapana. Ukiandika Mulwa, andika jina langu kwanza."

Jumatatu asubuhi walimkuta Mulwa kando ya barabara Kawangware, akigonga madigadi ya pikipiki kwa nyundo ya mpira. Alikuwa mtu wa Kitui, mnene, mcheshi, na alipomsikia Kalekye akimsalimia kwa Kikamba alifuta kigoda kwa mkono wake ili aketi. Aliposikia habari ya kabureta, uso ulimwanguka.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapa. Uliza yeyote. Kuna mtu alitaka mlango wa gari lake uishe kabla ya mazishi."

"Uliwahi kushikwa na vipuri."

"Niliwahi. Nikatoka, na hakuna aliyenipa kazi ila Ouma. Nimepaka hiyo rangi ya chungwa kwa mikono hii. Nitamuibia aje?"

Kalekye alimwonyesha kitambaa. Mulwa akacheka, akanyanyua vya kwake kutoka kwenye debe. Vilikuwa vyeusi tii, vikidondosha mafuta.

"Hicho cha kwako ni cha kupangusia mtoto, afande."

"Nati pia zimerudishwa."

Kicheko kilikatika.

"Zote?"

"Zote. Kwa nini mwizi arudishe nati?"

Mulwa aliweka nyundo chini. Akaeleza polepole kwamba hiyo ilikuwa sheria ya Ouma. Ukifungua kitu kwenye injini, nati irudi kwake hapohapo kwa mkono, na tundu lizibwe kwa kitambaa safi, vumbi lisiingie. Ukisahau, hakupigii kelele. Anakunyamazia siku nzima, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Basi mwizi amefundishwa na Ouma," Kalekye akasema. "Amefundisha nani?"

"Mimi."

"Na?"

Mulwa alitazama kile kitambaa. Alikitazama kwa muda, mikunjo yake minne iliyonyooka kama ya shati la harusi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Nifunge pingu. Ni mimi."

Nzuki alishtuka. Kalekye hakusogea.

"Umezipeleka wapi?"

"Nimetupa."

"Wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Huo mto," Mulwa akasema, akitazama kila upande kana kwamba ungetokea. "Wa maji."

Kalekye alikuwa mama wa mtoto mdogo, na alimjua mtu anayedanganya kwa ajili ya mwingine. Dada yake alimsemea uongo wa namna hiyo kwa mama yao mara nyingi. Akamwambia Nzuki amfunge pingu, ndiyo, lakini mbele, na zisibane. Ndani ya gari la polisi aliishika ile bahasha mapajani, akairudia taarifa ya mzee neno kwa neno kichwani. *Nikaingiza mkono. Nikakuta nguo.* Boneti ilikuwa wazi, mchana kweupe, vitambaa vyeupe juu ya chuma cheusi. Kwa nini mtu alijue kwa mkono jambo ambalo angeliona kwa macho?

Walipofika Kianda, Awiti alikuwa akipiga pasi nje ya mlango, pasi ya makaa, shati la mtu likifuka mvuke. Ouma aliketi kando ya Nyar Japan, akipitisha kitambaa kwenye madigadi, taratibu, mara kwa mara palepale.

"Mulwa," akasema kabla mtu hajazungumza. "Hizo ni hatua zako. Na huo mnyororo umebeba wa nini?"

Mulwa alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kushikana mikono, jua limewaka juu yao, na pingu ziling'aa mikononi mwake.

"Mulwa?"

"Ni cheni tu, mzee," Mulwa akasema. "Ya baiskeli."

Awiti aliweka pasi chini. Aliiweka juu ya shati, na shati likaanza kuungua, naye hakuona. Kalekye ndiye aliyeiinua.

"Madam, mfungue," Awiti akasema. "Huyo hakuja hapa."

Akaingia ndani. Alirudi amebeba kitu kwenye shali ya mtoto, shali ya zamani ya manjano yenye pindo zilizochakaa, mkono mmoja ukishika chini na mwingine juu, jinsi Kalekye mwenyewe alivyombeba mwanawe usiku wa homa. Akaifungua kwenye benchi. Kabureta mbili, zimesuguliwa mpaka zinang'aa.

"Ni wewe ulizitoa?" Kalekye akauliza.

"Ni mimi."

"Lini?"

"Jana. Nilimwambia atangulie, natafuta pini ya kilemba."

"Nani alikufundisha kuzifungua?"

"Nimemshikia tochi na kumpa spana miaka yote, madam. Saa hizi ni mimi namsomea hata namba za spana. Unafikiri sijui kazi?"

"Na kwa nini?"

Awiti aligeuka kwa mumewe, ambaye alikuwa ameacha kufuta.

"Huoni, Baba Aketch."

Mzee alikikunja kitambaa alichokishika.

"Nimejua tangu ulipoanza kuuliza kama taa imewaka. Nikaanza kukuwekea kikombe mahali pamoja. Nikaacha kuhamisha viti. Nilijua unanificha, nikakuacha unifiche, kwa sababu ulikuwa unarudi ndani jioni ukinuka mafuta na unaimba. Lakini Jumamosi ulitaka kushika usukani mpaka Bondo. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia," Ouma akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ningekuambia huwezi, ungezeeka siku hiyohiyo. Mimi nilitaka gari ndilo lishindwe. Si wewe."

Gathoni alikuwa ameacha chapati ziungue. Hakuna aliyemkumbusha. Nzuki alimfungua Mulwa pingu bila kuambiwa, na Mulwa akasugua vifundo vya mikono akitazama chini. Alikuwa amejua habari ya macho tangu Ouma alipomwomba amwambie rangi imekaa vipi, na akaapishwa asimwambie Mama Aketch. Watu watatu walikuwa wakizunguka gari moja kila jioni, kila mmoja ameficha jambo lilelile.

"Vitambaa je?" Kalekye akauliza, kwa upole sasa. "Mwizi wa kweli hangeziba."

Awiti alionekana kama aliyetukanwa.

"Niache mdomo wa injini wazi? Na hii vumbi ya Kianda?"

Mulwa alicheka kwanza, kisha akaziba mdomo. Wote walimtazama Ouma. Mzee alinyoosha mkono mpaka kwenye shali, akazipapasa kabureta moja baada ya nyingine, vidole vikienda kwenye kila tundu, kila kona.

"Nati ulirudisha?"

"Zote."

"Kwa spana ama kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Kwanza kwa mkono," Ouma akasema. "Vizuri."

Akaushika mkono wa mkewe, wenye joto la pasi, akaukalisha mapajani mwake. Kalekye akageukia ukuta wa mabati kana kwamba kulikuwa na ushahidi pale.

Nzuki aliuliza kitabuni aandike nini. Kalekye akamwambia aandike kwamba mali imepatikana nyumbani kwa mwenyewe na mlalamishi ameondoa malalamiko. Mkuu wa kituo atanuna, kisha atasahau. Mlalamishi mwenyewe hakuwasikia. Alikuwa tayari ameinama chini ya boneti, Awiti akimpa spana, Mulwa akishika tochi ambayo hakuna aliyeihitaji, na vidole vya mzee vikirudisha kabureta mahali pake bila kukosea hata mara moja.

Injini ilikohoa mara mbili, ikakataa. Ouma akasikiliza, akagusa skrubu, akazungusha kidogo. Ikakohoa tena, ikashika. Sauti ilijaa kibanda, ikatoka hadi barabarani, na watu wakajitokeza milangoni Kianda nzima, wale waliowahi kucheka mkokoteni na wale waliosimuliwa tu.

Mulwa alifuta mikono na kusema, kwa aibu kidogo, kwamba yeye angeweza kuendesha Jumamosi.

"Viti ni viwili," Ouma akamjibu. "Na nilimwahidi yeye, si wewe."

Akaanza kulizunguka gari, kiganja juu ya boneti. Kilipita taa, kikapita kioo, kikafika mlango wa dereva. Hapo kilikaa. Kalekye aliona kidole gumba kikipapasa kitasa alichokisugua mwenyewe, na kwa muda aliogopa. Kisha Ouma akaufungua mlango na kubaki ameushikilia.

"Mama Aketch. Ingia."

"Mimi? Sijui kuendesha."

"Kuhusu Bondo, kwenu hakukimbii, tutaenda ukishajua. Njia nzima ninayo kichwani, kila kona, kila daraja. Mimi ni wa kushoto."

Awiti alimtazama Kalekye.

"Bila leseni nitawakamata," Kalekye akasema.

"Ni kutoka kibandani mpaka kwa Gathoni tu, afande," Ouma akasema.

Inspekta Kalekye alifikiri. Kisha akageuka akaipa Nyar Japan mgongo, akamwendea Gathoni, na kumwomba chapati mbili za kumpelekea mtoto, zisizoungua kama zipo. Nyuma yake mlango mmoja ulifungwa, na baada ya kitambo, ule wa kushoto.

"Kanyaga klachi, Awiti," alisikia mzee akisema, kwa jina la usichana wake. "Hapo. Sasa iachie polepole."

Gari liliruka kama mbuzi, likazimika. Kianda nzima ikacheka, na ndani ya gari Awiti akacheka kuliko wote.

"Tena," Ouma akasema.