Jini Aliyeichanachana Kumbukumbu

Kwanza ilikuja harufu ya nywele zilizoungua, ndani ya chumba cha kompyuta cha hospitali ambamo hakuna aliyekuwa na kiberiti. Fundi aliipuuza. Mdogo wake, muuguzi, angefukuzwa kazi adhuhuri ile kwa tuhuma za kuzima friji la chanjo, na ushahidi pekee ulikuwa kwenye kumbukumbu ya mtambo, ambayo huandika kila kinachowashwa na kuzimwa, kila mlango unaofungwa, na jina la mhusika.

Akaifungua. Haikufunguka. Diski ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena.

"Dada, kuna mtu anacheka humo," muuguzi akanong'ona nyuma yake.

"Acheke. Meno yatamkauka."

Fundi aliujua ugonjwa. Diski ile haikuandika juu ya maandishi ya zamani; kila mstari mpya iliuweka pengine, na sasa kumbukumbu moja ilikuwa maelfu ya vipande, diski ikihangaika kuviokota. Fundi aliyemtangulia alikwisha kuikataza kutawanya hivyo, ila amri aliiweka kwenye faili lililojaa tayari, na amri ile hushika faili tupu tu. Kamfunga mbuzi ameshamaliza mahindi! Na katika nyufa za vipande vile, kitu kilikuwa kimejipatia makao.

Akaunda folda mpya, akaiwekea amri ile ile folda ikiwa bado tupu, ili kila faili litakalozaliwa humo liirithi, akaanza kuinakili kumbukumbu humo. Ndipo taa zikafifia, harufu ikazidi, kuta zikatoa jasho, na sauti nyembamba ikapanda kutoka sakafuni, ikapita miguuni mwa muuguzi, ikamzunguka fundi shingoni kwa ubaridi, ikisema kwamba kila ufa ni chumba chake, kwamba wanawe wamelala humo, na kwamba atakayewaamsha atazikwa pamoja na mdogo wake.

Fundi aliogopa, tena sana. Lakini hakusimamisha kazi.

"Hukukaribishwa, kelele unapiga, na mdogo wangu unamchafulia jina? Toka! Beba na wanao!"

Ubaridi ukamwachia shingo, nakala ikakamilika bila ufa. Kumbukumbu ikafunguka papo hapo, nzima.

Mganga mkuu wa hospitali aliitwa, akasoma mwenyewe: friji lilizimwa kutoka chumba hiki, mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Mahali pa jina la aliyezima palikuwa patupu.

"Muuguzi arudi kazini," akasema, akifuta jasho. "Na huyu asiye na jina... ameenda wapi?"

Kutoka ofisini kwake, ng'ambo ya ukumbi, sauti ya mtoto ikamwita daktari kwa jina, na harufu ya nywele zilizoungua ikaifuata.

Fundi akakunja mikono ya shati.

"Nipe ufunguo, daktari."