Ubao wa Mbele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zakia alishuka bwawani kufua maji, yaani kuyatoa, kwenye boti ya baba yake. Ilikuwa boti ndogo ya mbao yenye injini moja nyuma. Ilivusha watu na mazao katika bwawa la Kwemhasha, chini kabisa ya milima ya Usambara. Boti ya mbao haikosi kuvuja. Maji hujikusanya ngamani, yaani tumboni mwa boti, chini ya mbao za kukanyagia. Asiyefunua mbao hayaoni.

Zakia alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kufunua mbao tatu, ule wa mbele, wa kati na wa nyuma, kuchota maji kwa kopo, kisha kumwambia baba ametoa makopo mangapi. Baba aliweka sheria hiyo mwaka uliopita, baada ya Nassoro, kaka yake Zakia, kufa maji katika boti ya mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa amechungulia ngama ya boti ile. Watu waliendelea kumwita baba "Baba Nassoro", naye aliendelea kuitika.

Ubao wa mbele ulikuwa na adha yake. Juu yake palikaa nanga na kamba nzito iliyolowa, na asubuhi za Julai baridi ya milimani huuma vidole. Jumatatu moja Zakia alifunua ubao wa nyuma tu. Alitoa makopo manne, wakati siku zote yalifika kumi. Alifurahi. Maji hutiririkia nyuma, alijisemea, kwa hiyo kama nyuma ni kidogo, mbele hakuna kitu.

"Umefunua zote?" baba aliuliza.

"Zote, baba. Makopo manne."

Jumanne yalikuwa matatu, Ijumaa kopo moja tu. Wiki hiyohiyo darasani aliandika methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta" kwa mwandiko mzuri, akapata vema. Daftari lilijua zaidi ya mwenye daftari.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio ng'ambo ya bwawa. Mzee Hezekia, mkulima wa kijiji cha Malindi huko milimani, alishuka na magunia sita ya karoti. Viazi vyake vilikuwa vimeoza kwa ukungu, kwa hiyo karoti zile ndizo zilizokuwa mavuno yake yote. Magunia yalipangwa mbele, bado yakichuruzika, maana karoti zilioshwa mtoni alfajiri. Saumu, jirani yao, alipanda na mtoto mchanga mgongoni. Zakia naye alipanda, akanunue madaftari.

Katikati ya bwawa upepo ulianza. Pua ya boti iliinama, na kila wimbi likarusha maji ndani. Injini ililia vibaya, kwa sababu nyuma palikuwa pamenyanyuka.

"Miguu yangu imelowa," alisema Saumu.

"Maji ya karoti hayo, mama," Mzee Hezekia alimjibu. "Zimeoshwa leo."

Baba alifunua ubao wa nyuma, kisha wa kati. Pakavu. Wa mbele ulikuwa chini ya magunia.

"Ngama haina maji," alisema. "Ni mzigo tu umeelemea mbele. Ngoja niongeze mwendo tufike."

Zakia alielewa kuwa maji yako mbele. Kama boti ingesukumwa kwa nguvu, pua ingezama moja kwa moja. Lakini kusema ni kukiri uongo wa wiki nzima mbele ya watu. Kwa kitambo kidogo aibu yake ilikuwa kubwa kuliko hofu yake ya kufa. Kisha mtoto wa Saumu akalia.

"Baba, usiongeze. Mbele sikufunua."

"Leo?"

"Tangu Jumatatu."

Baba alimtazama mara moja tu, akapunguza injini. Yeye na Mzee Hezekia walisogeza magunia, wakafunua ubao. Maji meusi yalikuwa yamefika karibu na ukingo wa mbao, majani ya karoti yakielea juu yake.

"Mzee, tuyatupe magunia," alisema baba.

"Mgoshi, ndugu yangu, sina kingine mwaka huu," alisema Mzee Hezekia.

"Najua, mzee. Lakini mama huyu ana mtoto."

Mzee Hezekia alilitupa gunia la kwanza yeye mwenyewe. Yote sita yalizama. Zakia alifua maji mpaka mikono ikafa ganzi, wala hakuhesabu makopo. Walipofika nchi kavu, Saumu alishuka bila kumuaga mtu.

Kesho yake boti ilivutwa ufukweni. Fundi Silvano aliwaonyesha tundu dogo linalopitisha maji kutoka mbele kwenda nyuma. Lilikuwa limezibwa na majani ya karoti za magulio yaliyopita, ndiyo maana nyuma palikauka huku mbele pakijaa. Puani palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

"Kazi ya saa moja hii," alisema fundi, akiushindilia pamba na lami. "Jumatatu pia ingekuwa ya saa moja."

Mchana huo baba alimpeleka Zakia Malindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Zakia alieleza yote na kuomba msamaha.

"Karoti hupandwa tena," alisema Mzee Hezekia. "Mtoto wa Saumu hapandwi. Ila mwaka huu tutakula kwa shida hapa nyumbani, na wewe ulijue hilo."

Baba na Zakia walishika majembe, wakalima mpaka jioni. Waliahidi kurudi kila Jumapili hadi shamba lipandwe.

Jumatatu Zakia alitoa taarifa. "Mbele makopo mawili, kati hakuna, nyuma manne."

Baba alishuka bwawani, akafunua mbao zote tatu na kutazama kwa macho yake. Zakia aliumia, machozi yakamtoka.

"Ninakagua si kwa sababu nakuchukia," alisema baba. "Jumamosi ulisema kweli, tukavuka. Lakini uongo wa Jumatatu ulikuwa mdogo sana, nao ungeniachia mtoto wa pili aliyebaki jina tu, kama Nassoro. Mahali usipopenda kufunua, hapo ndipo pa kuanzia. Kuaminiwa kutarudi, ila kutarudi polepole."

Akamrudishia kopo.

"Kesho anza na mbele."