Vifo Vitatu vya Mzee Mathieu

Adeline alifika ofisini saa kumi na moja jioni, mvua ikianza kuonja mabati, kwa jambo dogo kabisa: alitaka babu yake afe mara moja tu.

Maana hadi siku ile mzee Mathieu alikuwa ameshakufa mara tatu, na kila mara kwa muhuri. Kitabu cha ofisi ya mgodi kilisema alifariki Juni 1978. Kitabu cha chifu kilisema Septemba 1983. Kitabu cha hapa Bunia kilisema Aprili 1991. Kaburi lilikuwa moja, kule Marabo, na fundi alikuwa amekwisha kuchora jina kwenye msalaba wa saruji na kuacha nafasi ya tarehe. Kila asubuhi alipiga simu kuuliza kama achanganye saruji ya tarehe au asubiri. Jumamosi ukoo wote ungekusanyika pale kaburini, wengine kutoka Mahagi. Claude, mdogo wake Adeline, alikuwa amechoka na habari hizo.

"Yaya, dada yangu, weka tarehe yoyote. Yeye mwenyewe hatasoma."

Lakini Adeline hakuwa mtu wa tarehe yoyote. Alifundisha historia sekondari, na daftari la ukoo lilikuwa mikononi mwake. Humo kila kifo kilipewa mistari yake: tarehe, kitabu gani, ukurasa wa ngapi, nani alileta habari, nani alishuhudia. Karatasi zikipingana, hakufuta hata moja. Aliziandika zote bega kwa bega, mpaka mojawapo ijitetee. Watu wa nyumbani walisema huo si utafiti, ni kugombana na marehemu.

Wiki mbili alikuwa akiambiwa "rudi kesho". Leo, hatimaye, karani Kasereka alikuwa na dawa.

"Mama mwalimu, mutu anakufaka mara moja. Dossier, ile faili, njo inakufaka mingi."

"Basi nionyeshe ile ya kweli."

"Zote ni za kweli. Zote ziko na cachet, muhuri ya ofisi." Akavuta kitabu kipya, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Tunafanya hivi: tunaandika kifo cha nne, kinafuta zile tatu. Weye unasaini kama mwenye kuleta habari. Tunapata témoin, shahidi mumoja. Imeisha."

"Na tarehe?"

"Tarehe itajulikana."

Adeline alicheka kicheko cha mtu aliyekula vumbi la Bunia kwa wiki mbili. "Hata hizi tatu zilianza hivyo?"

"Ee! Ya pili ilikuja kurekebisha ya kwanza. Ya tatu ilikuja kurekebisha ya pili." Kasereka alisema kwa fahari, kama mtu anayetaja majina ya wazee wake. Kisha umeme ukakatika, naye akawasha tochi ya simu yake, akaiacha mezani. "Ngoja nitafute wino ya kidole huko nyuma. Témoin hayuko mbali."

Adeline akabaki peke yake na nakala za kurasa tatu za vile vitabu.

Mkono usio na kazi ni adui wa mwalimu. Akafungua daftari, akajaza mistari aliyokuwa ameiruka kwa sababu alikuwa akifukuza tarehe tu. Nani alileta habari? Mwaka 1978, Antoine, kifungua mimba wa babu. Mwaka 1983, shangazi Émilienne. Mwaka 1991, Laurent. Baba yake mwenyewe.

Kalamu ikasimama.

Vifo vya hao watatu alivijua kwa moyo. Hivyo havikupingana kokote. Antoine, Julai 1978. Émilienne, Oktoba 1983. Baba, Mei 1991, Adeline akiwa na miaka saba, na shuka la bluu ambalo mpaka leo hawezi kulitandika.

Kila mmoja alikwenda kuandikisha kifo cha mzee Mathieu.

Hakuna aliyemaliza siku arobaini baada ya kusaini.

Bahati mbaya, alijiambia. Mambo hugongana. Akashuka kwenye mstari wa shahidi. Kwenye nakala ya kwanza hapakuwa na jina, ila alama ya kidole gumba. Katikati ya wino kulipita kovu jeupe, limepinda kama ukucha uliokatwa. Akasogeza tochi kwenye nakala ya pili.

Kovu lile lile.

Ya tatu...

Lile lile. Miaka kumi na mitatu, ofisi tatu, mwendo wa siku nzima kutoka moja hadi nyingine.

Ndipo harufu ikaingia. Udongo. Haukuwa udongo wa mvua, ambao kila mtu wa Bunia anaujua. Huu ulikuwa wa ndani, wa chini, uliofukuliwa sasa hivi.

"Salama, mutoto."

Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Nje mji mzima ulikuwa tope jekundu. Viatu vyake vilikuwa safi.

"Salama, muzee," Adeline alisema, kwa kuwa adabu hutangulia hofu. "Unangojea nani?"

"Weye." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. "Miye njo témoin. Ninasaidiaga familia yenu tangu zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu babu yako alikataa."

"Alikataa nini?"

"Watu ya kusoma! Maulizo mingi." Akacheka bila kutoa pumzi. "Saini kwanza."

Kasereka akarudi na kibati cha wino, hakuuliza kitu, kama anayemkuta mfanyakazi mwenzake. Mzee akachovya kidole gumba, akakikandamiza chini ya ukurasa ambao bado haukuwa na neno hata moja.

Adeline aliliona kovu likibaki jeupe katikati ya wino.

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Na tuseme ukweli: hata hapo, alitaka tarehe.

"Babu yangu alikufa lini?" alinong'ona.

Mzee akainama, mpaka harufu ile ikamjaa puani.

"Nani alikuambia alikufa?"

Hakukumbuka alivyotoka; alijua tu kwamba hakusaini. Alikumbuka mvua, pikipiki, na dereva akiuliza, "Mama, unafukuzwa na nani?" akitazama nyuma na kuona barabara tupu. Nyumbani, pale Shari, aliandika vifo vyote vitatu, kitabu na ukurasa, na chini yake: *Vinapingana. Sikuchagua.* Akampigia fundi: msalaba ubaki bila tarehe. Akampigia Claude mara tisa. Hakupokea. Akamwandikia: *Usiende ofisini. Usisaini kitu.*

Asubuhi, saa tatu, simu ikalia.

"Yaya! Shida imeisha!" Claude alikuwa na furaha ya mtu aliyewashinda waliosoma. "Nilipita kule mapema. Kasereka anasema ulikimbia mvua. Kila kitu kilikuwa tayari, nimeweka saini tu."

Adeline akaketi sakafuni. "Nilikuandikia, Claude."

"Nilisoma. Nilijua utanikataza, njo maana sikujibu. Siye tungefika Jumamosi tukiwa tungali tunabishana na vitabu."

"Nani alishuhudia?"

"Muzee moja wa adabu sana. Anafanana na baba, unajua? Alinishika mkono muda murefu. Mikono baridi, masikini."

Nje, mtu alipita akiuza mandazi. Adeline akavuta daftari karibu.

"Claude. Soma karatasi. Waliandika tarehe gani?"

Karatasi ikachakarisha simuni. Kisha mdogo wake akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona kosa dogo la karani.

"Ah. Wameacha wazi. Lakini usihangaike, yaya. Muzee alisema atakuja yeye mwenyewe kwangu, kabla ya siku arobaini, kuniambia tarehe."