Anwani ya Lengai

Naisula anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtaa wa Sekei. Haya alinisimulia mwenyewe, macho yakiwa chini muda wote, nami sitatia chumvi.

Ilikuwa Jumanne ya Oktoba, asubuhi ya kawaida kabisa. Aliingia ofisini Sakina, kwenye kampuni ya kupandisha wageni Mlima Meru, akachemsha chai, akawasha kompyuta. Bosi wake, mzee Elimringi, alitaka wageni wa zamani na wapagazi wote watumiwe salamu za msimu mpya. Kabla ya kutuma, anwani za barua pepe lazima zichujwe, maana ukituma kwenye nyingi zilizokufa unaonekana tapeli na barua zako zinafungiwa. Siku hizi kuna tovuti ya kazi hiyo. Unaipa orodha, inapitia anwani mojamoja, halafu inakuandikia: ipo, au haipo.

Naisula alipeleka anwani mia mbili na kumi na mbili. Majibu yalirudi mia mbili na kumi na tatu.

Alidhani amehesabu vibaya. Akashuka na orodha taratibu hadi chini kabisa, akaikuta iliyozidi. Ilikuwa anwani ya Lengai. Mbele yake imeandikwa: ipo.

Lengai alikuwa mpagazi kutoka Olkokola, magharibi ya mlima. Alikufa kwa baridi mwezi Juni, karibu na kambi ya juu, akiwa na fulana mbili tu mwilini. Anwani ile hakuifungua yeye. Hakujua hata kama anayo. Mawakala wa Ulaya walitaka kila mpagazi athibitishe kwa barua pepe kwamba amepewa mavazi ya mlimani, na wengi wao hawana barua pepe. Basi Naisula aliwafungulia wote ishirini, akaandika nywila zao kwenye daftari lake, akawajibia. "Nimepokea koti, viatu na glavu." Mavazi yalikuwa bado njiani. "Thibitisha tu, yatakuja," mzee Elimringi alimwambia. Koti la Lengai lilifika wiki moja baada ya yeye kuzikwa.

Hilo peke yake lingetosha kumwaibisha mtu maisha yote, lakini lipo baya zaidi. Msibani mzee Elimringi alisimama na simu yake, akawasomea waombolezaji ujumbe ule. Marehemu alipewa koti, alisema, alikolipeleka anajua mwenyewe. Watu wakamalizia: ameliuza akanywa. Mama yake Lengai akainamisha kichwa mbele ya kijiji kizima. Naisula alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, sahani ya pilau mapajani. Aliila yote. Kesho yake akaifuta ile akaunti.

Sasa ilikuwa ipo.

Akaiandika peke yake kwenye kisanduku cha tovuti. Ipo. Akarudia. Ipo. Akamwita Godbless, fundi wao wa kompyuta.

"Akaunti iliyofutwa inaweza kurudi?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hairudi, dada. Ilifutwa lini?"

"Juni."

"Miezi minne? Imeshaenda hiyo."

"Sasa hii tovuti inajuaje kama ipo?"

"Inabisha hodi tu. Haitumi barua. Inafika mlangoni kwa seva, ile kompyuta inayotunza barua, inauliza kama kuna mtu wa jina hilo, inasikiliza." Akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Hapa ameitika mtu."

Godbless alibonyeza tena. Mwanzo jibu lilikuja papo hapo. Sasa lilichelewa. Chumba kikapoa. Haikuwa baridi ya Sakina. Pumzi ya Naisula ikatoka kama moshi. Ya Godbless haikutoa moshi, kana kwamba baridi ile haikumgusa. Kioo kikaandika: ipo. Halafu chini yake, mahali ambapo tovuti ile haiandiki kitu: bado ipo.

"Dada," Godbless alinong'ona, "huyu ni nani?"

Naisula aliinuka. Alichukua mkoba wake, akatoka, akapanda bodaboda moja kwa moja hadi Olkokola.

Mama yake Lengai alikuwa uani akichambua maharage, na Anyesi, mjane wa marehemu, amekaa pembeni. Naisula aliinamisha kichwa kama mtoto, mama akamgusa utosini.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Alijua akikaa atanyamaza tena. "Yeyo, Lengai hakupewa koti. Ule ujumbe niliuandika mimi. Msibani nilisikia wanavyomsema, nikanyamaza."

Mkono wa mama haukuondoka kichwani. "Tunajua," akasema.

Anyesi akaleta simu yake. Ujumbe ulitoka kwenye anwani ya Lengai, mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta.

"Sikupewa koti. Aliyeandika ni Naisula wa ofisini. Msimfuate, atakuja mwenyewe. Akija mfunikeni, naye atakuwa anasikia baridi."

Ulikuwa wa Juni, siku mbili baada ya Naisula kuifuta akaunti. Tangu hapo alikuwa amekutana nao sokoni mara nyingi, wakamsalimia, wakawaulizia wanawe. Siku moja mama huyu alimpa hata maziwa ya kupeleka nyumbani, naye akayapokea. Kumbe walikuwa wanajua. Walikuwa wanamngoja.

Mama alivua shuka lake, akamfunika. Naisula anasema angepigwa angepata nafuu.

Jumapili alisimama kanisani huko huko Olkokola, akasema yote mbele ya watu, jina la Lengai likasafika. Jumatatu hakuwa na kazi. Godbless anasema sasa tovuti inajibu haipo, kila akijaribu. Ila ujumbe ule bado uko kwenye simu ya Anyesi. Nimeusoma kwa macho yangu.

Juzi, saa saba mchana, jua la Januari likichoma, nilimpa Naisula pole, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama wa maiti. Niliuachia haraka, naye akaona, na mpaka sasa naona aibu kupita mlangoni kwake.