Uzi wa Arobaini na Saba

Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka kwa miezi mitatu. Mwenyewe, mshonaji wa sare za shule, alikatazwa hata kuigusa.

"Ulikanyaga pedali mimba nzima," mama mkwe alisema. "Ukamtikisa mtoto tumboni. Sasa tazama, shingo haikazi. Wageni wakija, abaki chumbani."

"Nani kasema ni cherehani, mama?"

"Mtaa mzima. Lisemwalo lipo!"

 Kesho yake asubuhi mshonaji alimbeba mwanawe akaenda kliniki kuchukua majibu ya damu ya mtoto, iliyopimwa mwezi uliopita. Mama mkwe akamfuata, akasikie kwa masikio yake.

Nesi aliyasoma majibu. "Mtoto ana hali ya Down. Dada, wewe ni fundi. Nipe nyuzi mbili."

Mshonaji akatoa nyuzi mkobani.

"Miilini mwetu mna vitu kama nyuzi, vidogo mno, viitwavyo kromosomu. Ndivyo vinavyobeba urithi. Tunavyo arobaini na sita, jozi ishirini na tatu. Yai linapotengenezwa, jozi hubadilishana vipande, kisha huachana. Uzi mmoja huingia kwenye yai, wa pili hubaki nje." Akazisokota zile nyuzi pamoja, akazivuta, zikang'ang'aniana. "Mara nyingine jozi moja hugoma kuachana. Zote mbili zinaingia. Baba naye analeta wake. Zinakuwa tatu, na jumla arobaini na saba. Hiyo ndiyo hali ya Down, nayo ndiyo iliyolegeza shingo."

"Nani kazifunga?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna, bibi. Humtokea mama yeyote, ingawa umri ukisogea hutokea zaidi. Mara chache huanzia kwa baba."

"Hutokea lini?" mshonaji akauliza.

"Karibu kila mara, kabla mimba haijatungwa."

Mshonaji akageuka. "Umesikia, mama? Kabla! Nilipokanyaga pedali, uzi wa ziada ulishaingia zamani. Cherehani yangu imefunikwa bure!"

"Mimi sikujua."

"Sasa unajua. Kawaambie na hao wa mtaani."

Nesi akawaonyesha mazoezi ya shingo na mgongo, akawaandikia kipimo cha moyo, kwani hali hii huweza kuugusa.

Siku hiyohiyo lile shuka lilivuliwa, likatandikwa barazani kando ya cherehani, wapita njia wakiona. Mtoto akalazwa juu yake.

Leo ana mwaka mmoja. Anakaa mwenyewe, palepale. Juzi mteja aliuliza kwa sauti ya msibani, "Huyu ana nini, maskini?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Ana uzi mmoja kukuzidi wewe. Toa kitambaa, fundi anakusubiri."